Wewe Ngoja Kwanza

Simu yangu ina makundi matatu ya watu waliosoma shule moja, sekondari yetu iliyo ndani kidogo kutoka soko la Rodi Kopany, na yote matatu yanasema mimi ni wao. Siku mwalimu wetu mkuu wa zamani alipofariki, simu ililia asubuhi nzima mpaka nikaizika chini ya mto. Kundi la kwanza likakubaliana kuvaa leso za samawati mazishini, la pili za rangi ya damu ya mzee, la tatu za kijani. Kisha wote wakaniandikia jambo lile lile: golikipa, wewe ni wetu, nunua leso. Haki ya Mungu nilicheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mtu wa nje hawezi kuelewa namna mtu mmoja anavyokuwa na madarasa matatu. Wacha nieleze.

Mama yangu alikuwa akikaanga samaki Homa Bay, karibu na mahali mashua zinapotia nanga. Nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye maji yanayofika magotini na kudaka ngege waliorushwa kutoka kwenye mashua, mmoja baada ya mwingine, niwatie kwenye karai. Samaki anateleza, ana miba mgongoni, na ukimwangusha majini mama anakuita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kwa hiyo nilipofika sekondari nikapewa mpira, kitu kikavu, cha mviringo, kisicho na miba, nikaona hawa watu wananitania. Nilidaka kila kitu. Mwalimu wa michezo alikuja golini akanishika vidole akavikagua kimoja kimoja kama mtu anayenunua mahindi mabichi, akasema, "Yawa! Huyu ametoka wapi?"

Mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita Madam, alikuja kujionea mwenyewe. Alikuwa mama mkubwa wa mwili, mzaliwa wa visiwani, na hakuuacha mwavuli wake, jua liwake au mvua inyeshe. Alitukataza kabisa kuongea Dholuo tukiwa shuleni, lakini timu ya wasichana ikicheza, yeye mwenyewe kando ya uwanja alimtukana refa kwa Dholuo safi mpaka wazazi wakaziba masikio. Nilimpenda. Nasema mapema ili usije ukafikiri nasimulia habari ya mtu mbaya. Msichana mmoja alipougua ghafla na gari halikuwepo, Madam alimbeba mgongoni mpaka zahanati, viatu vya kisigino mkononi. Watu wa namna hiyo ndio wanaokufunga vizuri zaidi, kwa sababu hata kupiga kelele unaona aibu.

Alikuwa na sheria moja ambayo shule nzima iliiheshimu: watahiniwa hawachezi. Ukishaingia kidato cha nne, mpira basi, ni mtihani tu. Wazazi walimsifu sana kwa sheria hiyo. Hakuna aliyeona mlango wake wa nyuma. Kama wa kidato cha nne hawachezi, na shule ina golikipa mmoja tu wa kutegemewa, basi golikipa huyo asifike kidato cha nne.

Januari ile tulipofungua shule, wenzangu wa kidato cha tatu walibeba madawati yao kwenda darasa la mwisho, lile lililokuwa karibu na mti wa mwarobaini. Desturi yetu ilikuwa hiyo, unahama na dawati lako. Mimi na jirani yangu wa dawati tulishika letu, yeye upande huu, mimi upande ule. Huyu alikuwa msichana wa kutoka Migori, mwembamba, mwenye mdomo, na tangu kidato cha kwanza ndiye aliyekuwa akiniamsha bwenini, akinitikisa bega na kusema, "Amka, tunachelewa." Tulikuwa tumepanga kwenda chuo cha uuguzi pamoja. Tulishapanga mpaka nani atalala kitanda cha juu. Basi tumefika mlangoni na dawati letu, Madam akatokea na mwavuli wake.

"Golikipa," akasema, kwa upole kabisa. "Wewe ngoja kwanza."

Nikafikiri ananituma mahali. Nikaweka upande wangu wa dawati chini nikangoja. Wenzangu wakapita. Jirani yangu akalikokota dawati ndani peke yake, huku akinitazama. Nikaendelea kungoja pale mlangoni mpaka mwalimu wa michezo akaja akaniwekea mkono begani, akaniongoza kurudi kidato cha tatu, mahali walipokuwa wameshaingia wadogo zetu.

Nilipompelekea mama hizo habari nililia. Hakuinua uso kutoka kwenye karai la mafuta. "Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "wenzako wanafukuzwa kwa ajili ya karo. Wewe karo umesamehewa, unabembelezwa ubaki. Unalia nini?" Na kweli, ukiliangalia kwa macho ya mama, nililia nini? Alikuwa na watoto wengine wa kusomesha. Madam alikuwa amekuja mpaka kwenye meza yake ya samaki, akakaa kwenye benchi, akala, akasifu, akaongea naye kama dada. Walikuwa wamekubaliana kabla sijaulizwa.

Mapendeleo yalikuwepo, sikatai. Siku za mechi mpishi alinipa yai la kuchemsha, na ugali wangu aliukata kwa upendo. Nyavu za magoli yetu zilikuwa nyavu kuukuu za kuvulia zilizotolewa na wazazi wavuvi wa Mbita, na mvua ikinyesha zilinuka samaki, nikawa najisikia kama niko nyumbani. Walimu wengine walinisalimia kwanza. Lakini darasani, ee Mungu wangu, darasani palikuwa mateso.

Hujui mwalimu ni mtu wa namna gani mpaka umsikie akifundisha kitu kile kile mwaka wa pili. Mwalimu wa hesabu alikuwa na mzaha mmoja. Tukifika kwenye hesabu za kuzidisha na sifuri, aliweka chaki chini, akajifuta mikono, akasema, "Zidisha chochote na sifuri, hakibaki kitu. Ni kama kumkaribisha shemeji yangu kwenye sufuria ya samaki." Mwaka wa kwanza tulicheka tukaumwa mbavu. Mwaka wa pili nilimwona anaweka chaki chini, nikajua, nikaanza kumhurumia kabla hajafungua mdomo. Nikacheka pamoja na wale watoto, kwa adabu. Mwalimu wetu wa Kiswahili naye alikuwa na riwaya aliyotusomea kwa sauti, na ukurasa fulani ulipofika alilia machozi ya kweli. Mwaka wa pili nikasimama nikampelekea kitambaa kurasa mbili kabla. Akanifukuza nje ya darasa. Nilisimama koridoni nikamsikia akisoma, akafika mahali pale, na wala hakulia, na darasa zima likanichukia.

Hao wenzangu wapya waliniita Nyanya. "Nyanya, hili swali litatoka?" "Nyanya, mwalimu atavaa nini kesho?" Walikuwa watoto wazuri, na wengine ni rafiki zangu mpaka leo, lakini kila nikiinua macho dirishani niliona mwarobaini ule na darasa lile, na shingo ya jirani yangu akiwa ameinamia vitabu. Ni uwanja mdogo tu ulitutenganisha. Ningeweza kumtupia kipande cha chaki.

Muhula wa pili tukafika fainali ya kanda. Asubuhi ya kwenda Migori nilimkuta jirani yangu bombani akichota maji, na nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimelifikiri kwa wiki nyingi. Nikamwambia nimeamua kufungwa. Nikifungwa vibaya, mbele ya watu wote, mabao ya kijinga, Madam ataona kumbe mimi si kitu. Atatafuta golikipa mwingine, na Januari ataniacha nipande. Yeye jirani yangu atakuwa ameshamaliza, ndiyo, lakini nitakuwa nyuma yake kwa mwaka mmoja tu, naye atanishikia nafasi chuoni.

Hakuniambia ni vibaya. Aliweka ndoo chini, akanishika mikono yote miwili. "Fungwa," akasema. "Fungwa tu, uje."

Mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya shule moja ya upande wa Kehancha, wasichana wa Kikuria wenye mapafu ya ajabu. Uwanja ulijaa. Kwa bahati mbaya yangu, mabeki wetu siku hiyo walicheza kama watu waliorogwa wakawa wazuri. Mpira haukunifikia. Tukapata bao moja, na mimi nimesimama golini kama mlinzi wa benki nikingoja mtu aje aibe. Halafu dakika za mwisho beki wetu akamkwatua mtu ndani ya boksi. Penalti.

Nikasema asante Yesu. Nikajipangia: hii ipite, na baada ya hapo tukienda kwenye matuta, zile nazo zipite zote. Mpigaji alikuwa msichana mrefu aliyefunga kiatu chake kimoja kwa utepe mweusi. Alinitazama, nami nikamtazama, na kwa moyo wangu wote nikamtakia heri. Nikachagua kabisa nitaanguka kushoto, na yeye macho yake yalikuwa yanatazama kulia. Madam kando ya uwanja alikuwa ameufunga mwavuli, ameukumbatia kifuani.

Akapiga. Na mimi sikuanguka kushoto. Nisimulie vipi? Nilikuwa bado najiambia kushoto, kushoto, na mwili wangu ulikuwa umeshaenda kulia, na mpira ulikuwa kifuani mwangu, na mikono yangu imeukumbatia kama ngege mkubwa kuliko wote, yule ambaye mama angenisifu kwa ajili yake. Nililala chini na mpira nikasikia uwanja unapasuka kwa kelele. Nikafungua macho nikaona vidole vyangu. Nilivichukia. Tena nilivichukia huku nafurahi, na hilo ndilo jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu akanielewa. Ile furaha ilinipanda kutoka tumboni bila kuomba ruhusa.

Kurudi shuleni, mtu wangu, ilikuwa sherehe. Sufuria zilipigwa, filimbi zilipulizwa, nikabebwa juu kwa juu kutoka getini. Kule juu ya vichwa vya watu nilimwona jirani yangu amesimama kando ya tangi la maji. Alikuwa anapiga makofi. Alikuwa na haki ya kutopiga, lakini alipiga, polepole, mpaka nikapita.

Kule kwenye mashindano ya kitaifa tulitolewa siku ya kwanza tu. Haikusaidia kitu. Januari, mlangoni pale pale, Madam alinishika shavu. "Golikipa, wewe ngoja kwanza." Safari hii sikuwa nimelibeba dawati. Nilikuwa nimeliacha mahali pake tangu mwanzo.

Mwaka wangu wa tatu katika kidato cha tatu, mwalimu wa hesabu alifika kwenye sifuri. Akaweka chaki chini. Akajifuta mikono. Halafu macho yake yakanikuta nimekaa nyuma kule, mtu mzima, magoti yamegusa dawati. Akaiokota chaki akaendelea na hesabu. Wale watoto hawakuusikia mzaha wa shemeji, na mpaka leo hawaujui. Baada ya kipindi alinipitia akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto, nimeongea nao ofisini. Nimeongea sana."

Nilitoka vipi? Sikutolewa na mtu. Nilipitisha umri wa mashindano, basi. Kanuni za michezo ya shule zilisema mchezaji akifika umri fulani haruhusiwi, na mimi nikafika. Mwaka huo hakuna aliyesimama mlangoni. Nilibeba dawati langu peke yangu mpaka kwenye mwarobaini, na nilijikuta nageuka nyuma kuangalia kama mwavuli unakuja. Mpishi akaacha kunipa yai. Alikuwa amempata mwingine wa kumpa, msichana wa kidato cha pili mwenye mikono mirefu.

Nilifaulu, si vibaya, si vizuri. Jirani yangu wakati huo alikuwa anakaribia kumaliza uuguzi, na sasa ni muuguzi Migori, ana watoto, ana miwani. Mimi nilipomaliza mgongo wa mama ulikuwa umekataa kazi, nikalishika karai la samaki. Baadaye nikapata mafunzo ya kufundisha chekechea, na chekechea yenyewe iko Rodi Kopany. Kengele ya sekondari yetu naisikia nikiwa nafundisha a-e-i-o-u. Huwa nakwenda kwa dada yangu Isebania, mpakani, naona malori yakivuka kwenda Sirare, watu wanabadilisha pesa na kuondoka kana kwamba kuondoka ni kitu cha kawaida, na jioni inanikuta nimerudi. Ikilia ile kengele ya mwisho bado mguu wangu mmoja unatikisika. Watoto wangu wa chekechea hawaachi kuuliza, "Tichaa, unataka kwenda wapi?"

Basi, mazishi.

Nilivaa gauni langu jeusi, bila leso. Ningevaa ya rangi gani? Nyumbani kwa Madam, upande wa ziwani, mahema yalikuwa yamejaa, viti vya plastiki mpaka nje juani. Jeneza liliwekwa chini ya hema la mbele. Kiongozi wa shughuli alikuwa nani kama si mwalimu wetu wa michezo, amekuwa mzee, lakini ukimpa maikrofoni hujamaliza naye. Akatangaza kwamba wanafunzi wa Madam wataaga kwa madarasa. Kila darasa likiitwa lisimame, lipite mbele ya jeneza, litokee upande wa pili wa hema, huko kwenye kivuli ambako soda zilikuwa zinagawiwa.

Yakapita madarasa ya wazee waliotutangulia. Nilikaa nimeshika mkoba magotini. Nilijikuta nahesabu madarasa yaliyobaki. Nikajiambia, wewe mwanamke, ni mazishi haya, kaa utulie. Halafu likaitwa darasa la samawati, na nikawaona wakisimama hapa na pale, watu niliowajua wakiwa na miguu myembamba na soksi zilizolegea, sasa wana vitambi na mvi kichwani. Nilisimama. Sikufikiri, nilisimama nao.

Mwalimu wa michezo akaniona. Uso wake ukafurahi kweli, maskini, hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Akaiinua maikrofoni. "A-a! Golikipa! Wewe ngoja kwanza!"

Watu wakaangua kicheko. Wote waliyajua maneno hayo, wote walimsikia Madam akiyasema, na ilikuwa kama Madam amefufuka dakika moja kuwachekesha. Hata watoto wake waliofiwa walicheka. Na mimi nikajikuta nimeketi. Sikuamua kuketi. Mwili ulisikia amri ukatii, kama siku ile Migori ulivyokwenda kulia. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki, mtu wa miaka yangu, mwalimu, nimeurudisha mkoba magotini.

Msafara wa samawati ukaanza kutembea. Halafu mmoja akatoka kwenye mstari. Alirudi akipita katikati ya viti, akiomba radhi kwa magoti ya watu, miwani imemtelemkia puani, na hakuwa anacheka. Akafika kwangu akanishika bega, akanitikisa.

"Amka," akasema. "Tunachelewa."

Niliamka. Mwalimu wa michezo alisema kitu kwenye maikrofoni, sikukisikia, na sikutaka kukisikia. Tulitembea mimi na yeye nyuma ya wenzetu, mkono wangu ndani ya mkono wake. Mbele ya jeneza nilisimama. Madam alikuwa amepungua, uso mdogo, mwavuli wake umelazwa kando yake. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa miaka mingi, ya hasira na ya shukrani, yote mawili yakiwa ya kweli. Hayakuja. Maisha yangu yote pale shuleni nilimwambia, "Madam, naomba ruhusa." Siku hiyo nikamwambia, "Madam, naenda."

Tukatokea upande wa pili. Palikuwa na kivuli na upepo wa ziwani, na mtu akanipa soda ya baridi. Nyuma yetu likapita darasa la damu ya mzee. Kisha likaitwa la kijani, la mwisho, na mwalimu wa michezo akasikika tena ndani ya hema.

"Golikipa yuko wapi? Golikipa! Njoo uwaongoze hawa!"

Jirani yangu alinitazama juu ya miwani. Nikanywa soda yangu. Aliita tena, kisha akauliza watu kama wameniona, nami sikuitika.